Kwanza Sokoni, Ndipo Jikoni

Saa nne asubuhi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna swali moja linalozunguka: leo tunapika nini? Dada wa kazi analiuliza akiwa mlangoni na kikapu, baba analiuliza kwenye simu, mama mwenye nyumba anajiuliza mwenyewe mbele ya jokofu lililo wazi. Jibu hutolewa papo hapo, kabla mtu hajaona hata fungu moja la mboga: wali na maharage, ugali na nyama, au basi chipsi. Likishatolewa, anayetumwa sokoni hana tena la kuchagua. Anatafuta alichoagizwa kwa bei yoyote atakayoikuta, hata kama siku hiyo nyanya ni za kubembeleza na bilinganya zimejaa mpaka wauzaji wanazitoa kama nyongeza.

Mimi nashauri tugeuze mpango. Mtu aende sokoni na pesa yake mkononi na idadi ya walaji kichwani, achukue kilicho kizuri na kingi siku hiyo, halafu akirudi ndipo aamue kinaingia sufuria gani. Wapo watakaosema hiyo ni anasa ya wenye nafasi. Ninavyoona mimi ni kinyume chake. Mwenye pesa ndefu ndiye anayeweza kung'ang'ania nyanya mwezi wa Aprili. Anayehesabu ndiye anayelazimika kujua kwamba mwezi huohuo mafungu mawili ya majani ya maboga yanamlisha yeye na wanawe. Na mwenye muda wa kupoteza ndiye anayeweza kufuata mapishi ya kwenye simu yenye viungo kumi na sita, vitatu kati yake havipatikani nje ya supamaketi za Masaki.

Ila ukienda sokoni bila agizo unaweza kurudi na bilinganya nne usijue pa kuzipeleka. Ili hilo lisikukute, jua kalenda ya vitu, na jua namna tatu nne za kupika ambazo hupokea karibu kila kitu.

Kalenda yenyewe huanza na mvua. Pwani na kaskazini mwa Tanzania mvua ni mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Iringa, Mbeya na nyanda za kusini wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Soko la mjini hulishwa na pande zote hizi, ndiyo maana hakuna mwezi ambao meza ziko tupu. Kinachobadilika ni nani kati ya wale walio mezani yuko kwenye siku zake. Mvua zikikolea, majani hujaa: majani ya maboga, majani ya kunde, mlenda, mnavu, mgagani, na mengine yanayoota pembezoni mwa mashamba bila kupandwa na mtu. Nyanya katika miezi hiyo huteseka. Ukungu huzishambulia shambani, zinapasuka kwa maji mengi, na lori likikwama kwenye matope zinafika sokoni zimeshaanza kulia. Ukija wakati wa ukavu, Juni hadi Oktoba, mambo hugeuka: nyanya za kumwagilia kutoka Ilula na kwingine Iringa huteremka kwa wingi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola vinakuwa vikavu na vizito, na Lushoto inaleta karoti, kabichi, hoho na njegere.

Baada ya masika kuna kipindi kifupi ambacho wapishi wengi wa mjini hukipita bila kukiona. Ni kati ya Juni na Agosti, wakati kunde, maharage na mbaazi zinauzwa mbichi, zikiwa kwenye maganda yake au zimeshapukuchuliwa na kina mama waliokaa chini pembeni mwa soko. Maharage mabichi hayahitaji kulowekwa, huiva kwa muda usiofika saa moja, na utamu wake maharage makavu hayaufikii. Mbaazi mbichi kwa tui la nazi na chapati ni chakula cha jioni kilichokamilika, na mkaa unaobaki unatosha kuchemshia maji ya kuoga. Nunua kila wiki mpaka ziishe. Zikikauka utasubiri mwaka mzima.

Halafu kuna bahari, ambayo ina kalenda yake. Pepo za kusi zinapovuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Ngalawa na mashua ndogo hazitoki kila siku, na bei ya changu pale Soko la Feri hupanda bila mtu kumuonea mtu. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, maji hutulia na samaki wabichi, yaani wale wanaofika bado wanang'aa, huwa wengi. Mpishi mwerevu hula samaki wabichi wakati wa kaskazi, na kusi ikikaza anarudi kwa dagaa wakavu, ng'onda na nyama. Kuna watu wanaokasirika kila Julai kwamba samaki ni ghali. Julai imekuwa hivyo tangu enzi za mababu.

Mwezi nao una sauti. Dagaa, wa ziwani kwa wa baharini, huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hutumia siku hizo kushona nyavu. Pweza kwa upande wake hufuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali, miamba inabaki wazi, na wanawake na vijana wanaingia na vijiti vyao kuchokoa mapangoni. Kwa hiyo kama una ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni, unayo ratiba ya samaki tayari, uwe Mwislamu usiwe: siku za mwanzo na za mwisho wa mwezi, dagaa wabichi na pweza; karibu na tarehe kumi na nne na kumi na tano, pweza bado wapo lakini dagaa wabichi usiwatarajie. Vijiji kadhaa vya Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa pia hufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukisikia imefunguliwa, beba ndoo.

Serikali nayo siku hizi ina misimu yake. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaane, na waliokuwa hawajaweka akiba ya dagaa wa Kigoma waliona bei. Mfuko wa dagaa wakavu walionunuliwa mapema, ukifungwa vizuri na kuwekwa pakavu, haudai kitu.

Sasa uko sokoni. Mboga za majani zinunue asubuhi, kwa macho na kwa vidole. Vunja bua moja: likikatika kwa mlio, limechumwa leo; likijikunja, lilichumwa juzi na limekuwa likinyunyiziwa maji tangu hapo. Muulize muuzaji mboga imetoka wapi. Zile zinazomwagiliwa kwa maji ya mabonde ya mjini yanayopokea kila kitu kutoka viwandani na vyooni ni afadhali kuziacha, hata zikiwa na majani mapana ya kupendeza. Muuzaji wako wa siku zote atakwambia ukweli, kwa sababu kesho anataka urudi. Ndiyo faida ya kuwa na mtu wako badala ya kuzurura na kubishana bei na kila mmoja. Mtu wako huyohuyo ndiye atakayekuwekea fungu la matembele machanga chini ya meza na kukunong'oneza kwamba mchicha wa leo si wa kuchukua.

Kwa samaki usiamini maneno, funua matamvua. Yakiwa mekundu na mabichi, samaki ni wa leo. Yakiwa ya kahawia au yana utelezi wa kijivu, muache. Jicho liwe limetuna na liwe angavu, na nyama ukiibonyeza irudi. Harufu iwe ya bahari tu. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu jodari, nguru na vibua: wakikaa juani bila barafu, ndani ya nyama yao hujijenga dutu iitwayo histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Mlaji uso unamuwaka, mwili unamuwasha, kichwa kinamgonga, na watu wanasema ana mzio wa samaki. Hao watatu nunua asubuhi, nunua walio kwenye barafu, na uwafikishe nyumbani bila kupitia kwa shoga yako. Wape wanaopara samaki pale sokoni wakutolee matumbo na magamba kwa pesa kidogo; kuwaacha samaki na matumbo yao mpaka mchana ni kujitafutia harufu.

Dagaa wakavu wanunue ukiwa umewaonja. Waliokaushwa juu ya mchanga utawasikia kwenye meno, na hakuna maji yatakayowamaliza. Waliokaushwa kwenye vichanja wanakuwa safi, wanang'aa kama fedha, na bei yao ya juu unairudisha kwa kutotupa chochote.

Tufike jikoni. Namna ya kwanza inayopokea karibu kila kitu ni kuunga kwa kitunguu na nyanya, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa haraka. Kitunguu kikatwe chembamba, kiingie kwenye mafuta yasiyo mengi, kipewe muda kilainike na kianze kubadilika rangi. Ndipo kitunguu saumu, kisha nyanya, na nyanya zikaangwe mpaka zipoteze umbo na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Ukiona mafuta yamejitenga, rojo lako limeiva; ukiweka mboga kabla ya hapo, utakula nyanya mbichi yenye uchachu wa kukera. Watu hukimbilia vile vidonge vya mchuzi kwa sababu hawakuipa nyanya dakika kumi. Mwezi ambao nyanya ni ghali, tumia moja, na uchachu unaobaki utoe kwenye ukwaju, ndimu au embe mbichi.

Juu ya rojo hilo unaweza kutupia bamia, bilinganya, nyanya chungu, njegere, kabichi, dagaa waliokaangwa, mayai, mabaki ya nyama ya jana. Mchanganyiko wa dagaa na nyanya chungu hasa ninaupendekeza kwa siku ya katikati ya wiki. Dagaa watolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto, wakaushwe kwa kitambaa, wakaangwe mpaka walie kikaangoni, kisha watolewe. Nyanya chungu zikatwe nne nne ziive ndani ya rojo, na dagaa warudishwe dakika tatu za mwisho na kipande cha pilipili mbuzi kisichopasuliwa. Ugali usonge mgumu. Ndimu ikamuliwe mezani.

Kwa mboga za majani laini, mchicha, matembele, chainizi, figiri, kanuni ni chache lakini usizilegeze. Osha kabla ya kukata, kwa maji mengi, ukiinua mboga kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji juu yake. Mchanga unabaki chini ya beseni. Ukikata kwanza ndipo uoshe, unaimwaga vitamini C pamoja na maji. Maji ya kupikia hayahitajiki, yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Moto uwe mkali, dakika nne au tano, chumvi mwishoni. Mchicha uliopikwa nusu saa hadi ukawa mweusi umepikwa kwa ajili ya desturi tu. Mafuta kidogo yana kazi yake: kile kinachogeuka vitamini A mwilini, ambacho kimejaa kwenye majani ya kijani, hufyonzwa vizuri kikiwa na mafuta. Na ndimu juu ya mboga husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi inywe saa moja au mbili baada ya mlo, kwani ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo.

Majani ya maboga yanataka uvumilivu wa mikono. Shika kikonyo cha jani, kivunje kidogo nchani, kisha vuta utepe wa nyuzi unaotoka na gamba lake mpaka kwenye jani. Rudia upande wa pili. Ukifanya hivyo kwa kila jani, kisha ukayasugua kidogo kwa viganja ndani ya maji kuondoa ukwaruzo wake, utapata mboga laini kuliko spinachi. Ukiruka hatua hiyo watoto watatema, na watakuwa na haki. Kazi hii hufanyika vizuri watu wawili wakiongea, si lazima mpishi aifanye peke yake.

Kisamvu kipo pembeni kwa sababu hakina mzaha. Majani ya mihogo yana sumu aina ya sianidi, ndiyo maana wazee walitwanga na kuchemsha muda mrefu. Kutwanga ndiko kunakoifungua, na kuchemsha bila kufunika ndiko kunakoifukuza. Kwa hiyo kisamvu kitwangwe kweli, kichemshwe kwa maji mengi kwa nusu saa au zaidi mpaka ile harufu ya ubichi iishe kabisa, kisha ndipo kiungwe kwa karanga au tui. Kisamvu kilichosagwa kinachouzwa sokoni kwenye beseni kinafaa kama kimesagwa asubuhi hiyo. Kikishaanza kubadilika rangi na kutoa harufu ya kuchacha, mwachie muuzaji.

Karanga hukipa kisamvu, mgagani na mnavu uzito ambao nyama ingeutoa. Zikaange kidogo, zipepete, zitwange au zisage, zikoroge na maji ya vuguvugu kabla ya kuzimimina, la sivyo zinaganda madonge. Kisha moto mdogo na mwiko mkononi, kwa sababu karanga hushika chini. Zichambue moja moja kabla ya kukaanga: zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani au uchungu zitupe, hata kama ni robo ya ulizonunua. Sumukuvu haionekani ikishaingia kwenye mchuzi na haiuawi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwenye mahindi, na karanga ni ndugu yake wa karibu katika jambo hilo.

Namna ya pili kubwa ni tui. Nazi moja iliyokomaa, ile ukiitikisa inasikika maji machache, inatosha mchuzi wa watu watano. Ikishakunwa, ikande kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Ongeza maji vikombe viwili kwenye machicha, kanda tena: hilo ni tui jepesi. Kosa la kawaida ni kuyachanganya yote na kuyachemsha pamoja mpaka mafuta yanaelea juu na chini kunabaki maji yenye chembechembe. Tui jepesi ndilo la kupikia, tui zito ndilo la kumalizia. Kwa mchuzi wa samaki, weka tui jepesi kwenye sufuria pana pamoja na kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, manjano na bizari nyembamba kidogo. Likichemka mpaka kitunguu kimelainika, panga vipande vya samaki bila kuvirundika, pamoja na embe mbichi au ukwaju. Dakika nane hadi kumi zinatosha kwa vipande vya unene wa vidole viwili. Usikoroge, shika sufuria kwa matambara na uizungushe. Ndipo umimine tui zito, uteke mchuzi kwa upawa na kuumwagia juu mara kwa mara bila kufunika, na linapoanza kutokota pembeni tu, ipua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika.

Samaki wenye nyama nyeupe, changu na tasi, hupendeza kwa namna hiyo. Jodari na vibua, wenye mafuta yao, mimi naona wanafaa zaidi kubanikwa. Wachanje, wapake chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, wakae nusu saa, kisha wabanike juu ya makaa yasiyo na miali. Wa Lamu na Mombasa watakwambia hapo ndipo samaki wa kupaka anapoanzia: huku anageuzwa juu ya makaa, anapakwa tui zito lililopikwa na viungo mpaka likashikana. Mtu wa Mwanza au Kigoma mwenye sato au mgebuka na hana nazi, abanike hivyohivyo, na nyanya zilizochomwa juu ya makaa hayohayo, zikapondwa na kitunguu, chumvi na pilipili, zitamfaa kuliko nazi ya pakiti.

Pweza awe amepigwa, au awe amekaa kwenye jokofu la kugandisha usiku mmoja, maana kuganda nako humlainisha. Sufuriani usimwekee maji; atatoa yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau, na aive humo taratibu mpaka uma uingie. Kisha muunge kwa tui.

Nyama haina msimu mkali, ingawa ng'ombe wa mwisho wa kiangazi wanakuja wamekonda kwa kukosa malisho, na wa baada ya mvua wanakuja na mafuta. Shida ya nyama kwetu ni namna tunavyoigawa. Familia hununua kilo moja Jumapili, inaliwa yote, kisha siku sita ni kulalamika. Nusu kilo ya nyama yenye mfupa, ikichemshwa polepole na tangawizi na kitunguu, povu likienguliwa, inatoa supu inayoweza kubeba ndizi mbichi, viazi, njegere, karoti au bilinganya kwa watu sita. Wachaga wanajua hivyo kwenye mtori, ambao nyama yake ni chache na hakuna anayeondoka mezani akidai. Kata vipande vidogo. Watu huhesabu vipande, hawapimi gramu. Mwambie mwenye bucha unataka kidari au mbavu za kuchemsha, si steki, na angalia mhuri wa mkaguzi kwenye mzoga kabla hajashika panga.

Nyama ikiwa ngumu, saga kipande kidogo cha papai bichi chenye maziwa yake, paka, na uache nusu saa. Usilaze usiku, utakuta uji. Kuku wa kienyeji mpe saa nzima na zaidi ya moto mdogo kabla ya kufikiria kumkaanga, na mchuzi wake usiumwage kwa hali yoyote. Pikia wali, au pikia majani ya kunde. Kuku wa kisasa akizidi dakika arobaini anaanza kunyauka na kupoteza hata ule utamu mdogo alio nao. Wale kuku wa mayai waliochoka kutaga, wanaouzwa bei ya chini kwenye mabanda, ndio bora kwa mchuzi wa nazi wa taratibu, na wanaowadharau wanatuachia sisi.

Mwenye jokofu na asiye na jokofu hawapangi wiki sawasawa. Kama huna, samaki wa leo wanaobaki wakaange leoleo. Kesho wanaingia kwenye tui wakiwa wameshaiva, na mchuzi wao uchemke sawasawa kabla samaki hawajaingia. Chakula cha nazi kisilale, huchacha kabla ya alfajiri kwenye joto la Dar. Maharage makavu yaloweke usiku, mwaga maji yake asubuhi, na yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi za mwanzo, kwani maharage yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Pika ya siku mbili bila kuyaunga: ya kwanza unga kwa nyanya, ya pili kwa nazi. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanakula vitamini B. Kuloweka kunaokoa mkaa uleule bila hasara hiyo.

Mboga zikizidi, watu wa Dodoma wamejua dawa yake muda mrefu. Majani ya kunde, mlenda na mgagani hukaushwa na kuwekwa mpaka kiangazi. Yapitishe kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yachuje, yatandaze kivulini penye upepo juu ya wavu au kitambaa safi. Jua kali linayapausha na kuyaondolea vitamini. Yakiwa makavu kiasi cha kuvunjika, yaweke kwenye kopo lenye kifuniko. Siku ya kuyapika yaloweke kidogo, kisha karanga.

Mwezi wa Oktoba na Novemba, embe mbichi zinapoanza kuanguka kabla ya kukomaa, watoto wanazila na chumvi na pilipili na wapishi wanazipuuza. Zimenye, zikate nyembamba, changanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili na kotmiri. Hiyo ndiyo kachumbari ya mwezi huo, wakati nyanya za ukavu zinaanza kupungua sokoni. Weka pembeni mwa dagaa wa kukaanga, vibua wa kubanika, au maharage ya jana. Zilizobaki zikate, zipake chumvi na manjano, zianike siku mbili tatu, na uzihifadhi kwa mchuzi wa samaki wa Februari, ambapo embe mbichi zitakuwa zimeadimika na kaskazi itakuwa bado inavuma.